Panya wa Eastlands, tegu wake, na kidonge kisichotosha

Jirani yangu hapa Kayole alinigongea mlango jioni moja akiwa amemshika mwanawe mkono. Mtoto ana miaka sita. "Daktari," akaniambia, "huyu nimempa dawa ya minyoo mara tatu tangu shule zifunguliwe, na bado usiku anashika tumbo na kulia."

Mimi si daktari. Ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kuangalia damu, mkojo na choo kwenye hadubini. Lakini katika ploti yetu kila avaaye koti jeupe ni daktari, na nimechoka kukataa. Nikamuuliza ni dawa gani. Akanitajia ile ya kutafuna, yenye ladha ya matunda, inayopatikana kila duka la dawa kutoka hapa hadi Donholm. Naungama kwamba mara ya pili ni mimi niliyemwambia arudie. Nilikuwa nashuka ngazi kuwahi matatu, sikusimama hata kumtazama mtoto. "Mpe tena ya minyoo, mama," nikasema, nikapita.

"Ni hawa panya," akaniambia sasa. "Jana nimemkuta mmoja ndani ya gunia la unga."

Nikamwomba alete choo cha mtoto kwenye kikopo safi asubuhi. Nilichokiona kesho yake ndicho kilichonifanya niandike haya, kwa sababu ndugu zangu wa Kisauni, Likoni, Malindi na Kwale wana habari hii nusu, na sisi wa Eastlands tuna nusu nyingine.

Kwanza tuwatazame panya wenyewe, maana sisi watu wa Pwani tuna mkono katika safari yao. Panya mweusi, huyu wa darini mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Bara Hindi. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa yake Unguja Ukuu, katika mabaki ya mji wa biashara wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa hiyo alishuka na vyombo vilevile vilivyoleta shanga na vyungu. Karne nyingi baadaye reli ikaanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na haikupita muda tauni ikazuka katika soko la Wahindi la Nairobi. Hiyo ilikuwa mwaka 1902. Tauni huletwa na viroboto wa panya, na wakuu wa wakati ule waliamua kulichoma soko lote moto. Soko likajengwa upya. Panya walirudi kabla ya mabati kupoa.

Tangu hapo kila mtaa uliojengwa upande huu wa jiji umepata panya wake: Pumwani na Majengo yake, Kaloleni, Makongeni, Jericho, Buruburu, Umoja, Dandora, na huku kwetu Kayole. Jaa la Dandora lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na lori za taka bado zinaingia. Ukiwa panya, hujapewa sababu ya kuhama.

(Tuna pia panya wa kiasili, na mmoja wao ana mifuko. Ni panya buku, ila mifuko yake iko mashavuni, ya kubebea chakula, si ya kubebea watoto kama wanyama wa Australia. Wale wa shirika la APOPO kule Morogoro wamefundishwa kunusa kifua kikuu na mabomu yaliyofukiwa ardhini. Huyo sina ugomvi naye.)

Sasa turudi kwenye kikopo. Katika choo cha yule mtoto niliona mayai ya mviringo, meupe kama kioo, kila moja likiwa na ngozi mbili, na katikati ya ngozi hizo nyuzi nyembamba zinazotoka nchani mbili. Ndani yake kuna kijusi chenye vijindoano sita. Yai moja lina upana wa mikromita 30 hadi 50. Ukipanga ishirini mstari mmoja ndiyo unakaribia milimita moja. Aliyezoea hadubini hawezi kukosea. Hayo ni mayai ya tegu mdogo, ambaye wanasayansi humwita Hymenolepis nana.

Wengi tukisikia tegu tunafikiria yule wa nyama ya ng'ombe, anayefika mita kadhaa na kutoka vipande vipande vyeupe kama tambi. Huyu ni mwingine. Urefu wake ni milimita 15 hadi 40, mwembamba kama uzi wa kushonea, na mama anaweza kuangalia choo cha mtoto kila siku asimwone hata mara moja. Kati ya tegu wote wanaoishi ndani ya binadamu, huyu mdogo ndiye anayepatikana kwa watu wengi zaidi duniani, hasa watoto. Aliyemgundua alikuwa Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, aliyempata ndani ya mwili wa mvulana huko Cairo mwaka 1851. Ni kutokana na jina la Bilharz huyuhuyu kwamba kichocho kiliitwa bilhazia. Shikilia jambo hilo la kichocho, tutalirudia.

Kinachomfanya tegu huyu awe mkaidi ni njia yake ya kuishi. Tegu wengi wanahitaji mnyama wa pili. Wa ng'ombe lazima apitie kwa ng'ombe, wa nguruwe hupitia kwa nguruwe. Huyu mdogo anaweza kupitia kwa mdudu wa unga au kiroboto, lakini halazimiki. Yai linapotoka kwa mtoto limeshakomaa tayari. Likiingia kinywani mwa mtoto mwingine, kwa mkono, kikombe au mpini wa mlango wa choo, linaanguliwa tumboni, kijusi kinajichimbia kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na baada ya siku tano au sita kinarudi kwenye uwazi wa utumbo, kinajishikiza na kuanza kukua. Battista Grassi wa Italia ndiye aliyeonyesha, mwishoni mwa karne ya 19, kwamba tegu huyu hahitaji mnyama wa pili.

Kuna jingine baya zaidi. Mayai mengine hayatoki nje kabisa. Yanaanguliwa humohumo ndani ya utumbo na kuanza kizazi kipya. Tegu mmoja haishi zaidi ya wiki chache, nne hadi sita hivi, lakini mtoto anaweza kuwa na tegu kwa miaka bila kumeza yai jingine kutoka nje. Ndiyo maana wazazi husema "wanarudi, wanarudi". Mara nyingi hawakurudi. Hawakuondoka.

Wakiwa wachache mtoto hana dalili yoyote. Wakiwa mamia au maelfu, tumbo linauma, anaharisha, hana hamu ya kula, analala vibaya, anawashwa sehemu ya haja, anakuwa mtoto wa kununa darasani na mwalimu anasema ni mvivu. Kwa mwenye kinga dhaifu mambo yanaweza kwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 madaktari walichapisha habari za mwanaume mmoja wa Medellín, Kolombia, aliyekuwa anaishi na virusi vya ukimwi bila kutumia dawa. Alikutwa na uvimbe kama wa saratani kwenye mapafu na tezi. Chembe za uvimbe ule zilipochunguzwa, hazikuwa za binadamu. Zilikuwa za tegu huyu mdogo, zimeharibika na kuenea mwilini kama saratani inavyoenea. Mgonjwa alifariki. Kisa hicho ni cha ajabu mno na sikileti kumtisha mtu, ila ni kumkumbusha anayetumia dawa za kudhibiti virusi asiziache.

Je, panya ndiye aliyempa mtoto wa jirani? Nilipomwambia mama majibu, hakungoja nimalize. Aliniambia leo ananunua sumu.

Sikumzuia, lakini ukweli hauko hivyo moja kwa moja. Panya na vipanya vya nyumbani wana tegu wanaofanana sana na huyu, kiasi kwamba kwenye hadubini huwezi kuwatofautisha. Kwa muda mrefu vitabu vilisema panya humwaga mayai jikoni, mtoto humeza, basi. Kisha watafiti wa Australia Magharibi wakachukua mayai kutoka kwa watu wa jamii za kaskazini mwa jimbo lao, ambako watoto wengi wana tegu huyu, wakawalisha panya wa maabara. Tegu walikataa kukua ndani ya panya wale. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2002, na tangu hapo wengi katika fani hii wanaamini kwamba tegu wa watu na tegu wa panya, hata kama ni ndugu, kila mmoja amezoea nyumba yake, na kwamba watoto wengi wanaambukizwa na watoto wenzao.

Nadhani hilo ni gumu kulikubali katika ploti, kwa sababu panya hana wa kumtetea. Ukisema ni panya, umemaliza. Ukisema ni mkono wa mtoto wa mlango wa pili, au wa mwanao mwenyewe, utaulizwa maswali mengine: choo kimoja kinatumiwa na milango mingapi, maji yanakuja siku gani, na kwa nini sabuni iliyowekwa kwenye sinki la pamoja haimalizi nusu saa. Kwetu choo ni kimoja kwa milango sita ya ghorofa moja, na maji ya bomba yanafunguliwa siku mbili kwa wiki. Siku nyingine tunanunua kwa mtungi. Mwenye mitungi miwili na watoto wanne, akichagua kati ya kupika na kunawisha mikono kumi, sote tunajua atachagua nini.

Ila panya hajaachiliwa huru. Yuko tegu wake mwingine, mrefu zaidi, anayefika sentimita 20 hadi 60, na huyu ni wa panya kabisa: Hymenolepis diminuta. Mayai yake ni makubwa karibu mara mbili ya yale ya mdogo, ya rangi ya manjano iliyokolea, na hayana zile nyuzi nchani. Huyu hawezi kupita kutoka mkono hadi mkono. Panya akinya kwenye unga au nafaka, yule mdudu mdogo mwekundu wa kahawia tunayemjua sote, anayetembea ndani ya unga uliokaa, anakula kinyesi pamoja na mayai. Ndani ya mdudu yai linageuka kuwa kifuko chenye kichwa cha tegu. Panya akimla mdudu, mzunguko umetimia. Mtoto akimla mdudu, anaingia yeye mahali pa panya.

Moto unammaliza. Ugali uliosongwa ukaiva, uji uliochemka, mdudu na kifuko chake wamekwisha. Hatari iko kwenye vitu vinavyoliwa vikiwa vibichi: unga mkavu ambao watoto wadogo hupenda kulamba, karanga za kupimwa kwenye kikombe, nafaka za kiamsha kinywa zilizokaa wazi, matunda makavu, tende za kupimwa tunazonunua kwa wingi karibu na Ramadhani. Hapa ndipo gunia la unga la jirani yangu linapohusika kweli. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, na chekeche kabla ya kupika, vinafanya kazi kubwa kuliko sumu. Sumu yenyewe, hizi za kupimwa zinazouzwa barabarani bila jina wala maelezo, zimeshawahi kuliwa na watoto. Na panya aliyekula sumu anakwenda kufia mahali, jambo linalonileta kwenye mnyoo wa tatu.

Tabia ya mtaani kwetu ni hii: panya akinaswa au akifa, anachukuliwa kwa mkia, anarushwa katikati ya barabara, magari yampondeponde. Nimeona hivyo Kayole, nimeona Umoja, na nikiwa mdogo niliona Likoni. Tunadhani tumemuadhibu. Kuna mnyoo mmoja ambaye tunamfanyia kazi yake.

Anaishi ndani ya ini la panya. Bancroft alimweleza kule Australia mwaka 1893, na jina lake la leo ni Calodium hepaticum. Jike hutaga mayai ndani ya nyama ya ini, na hapo yanakwama. Hayana njia ya kutoka kwa sababu hayafiki kwenye utumbo. Panya anaweza kuishi maisha yake yote na ini lililojaa madoa ya manjano bila yai hata moja kuona jua. Ili yaendelee, panya lazima afe na kuoza, au aliwe na paka, mbwa au kunguru, ambao watayapitisha kwenye kinyesi. Kisha yanahitaji kukaa kwenye udongo wiki kadhaa, penye hewa na unyevu, ndipo yakomae. Baada ya hapo panya mwingine akimeza udongo ule, au mtoto anayecheza kando ya mtaro, yai linaanguliwa na mnyoo unaelekea kwenye ini lake.

Visa vya binadamu vinavyojulikana duniani ni vichache sana, na wengi wao ni watoto wadogo wanaokula udongo. Mimi mwenyewe sijawahi kukuta, na kwa kweli nisingeweza kumkuta kwenye kikopo cha choo, kwa sababu mayai ya ugonjwa huo hubaki kwenye ini la mgonjwa. Lakini kumzuia ni rahisi kuliko wote. Panya aliyekufa ashikwe kwa mfuko wa plastiki mkononi, afungwe ndani yake, aingie kwenye taka zinazobebwa, au afukiwe kina cha kutosha paka asimfukue. Nimelisema hili kwa vijana wa ploti. Mmoja akanijibu kwamba barabarani ndiko anakokwenda haraka zaidi, na siwezi kusema amekosea kuhusu haraka.

Kuna mwingine wa kumtaja kwa kupita, kwa kuwa wasomaji wa Pwani mna konokono wakubwa kila mvua ikinyesha. Ni mnyoo wa mapafu ya panya, aliyeelezwa mara ya kwanza kutoka kwa panya wa Guangzhou, China, mwaka 1935. Panya humtoa kwenye kinyesi, konokono anakula kinyesi, panya anakula konokono. Mtu akimeza konokono mdogo kwenye mboga mbichi, mnyoo hupotea njia na kwenda kwenye ubongo. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, aliyesambazwa na watu dunia nzima, ni mmoja wa wabebaji wake. Sydney ameua posamu, wale wanyama wadogo wenye mfuko wanaoishi kwenye paa za nyumba kama panya wetu, na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa amepatikana kwa panya wa Durban, bandari ya bahari hii hii yetu. Katika kazi yangu Nairobi sijamkuta. Sukuma wiki wetu mwingi unalimwa kando ya mto wa Nairobi, na maji ya mto ule tunayajua; tunaupika, na hapo ndipo tunaponusurika. Anayependa kachumbari na saladi aoshe jani moja moja.

Sasa kidonge. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza kuwapa wanafunzi dawa za minyoo shuleni, na baadaye mpango ukapanuliwa. Watoto wa Kwale, Kilifi, Mombasa, Taita Taveta, Tana River na Lamu wanaufahamu. Dawa ya minyoo ya kawaida inayotolewa ni albendazole, ndugu wa karibu wa ile ya ladha ya matunda aliyokuwa akinunua jirani yangu. Inawafaa minyoo ya mviringo na safura. Kwa tegu mdogo, dozi moja mara nyingi haitoshi. Inapunguza, mtoto anapata nafuu ya wiki mbili, mzazi anaamini, halafu waliobaki ndani ya ukuta wa utumbo wanatoka na kukua.

Inayomfaa ni praziquantel, kwa sababu inaua tegu mkubwa na pia kile kifuko kilichojificha ukutani. Na hiki ndicho kidonge kikubwa, kichungu, ambacho watoto wa Msambweni na Kwale wamekuwa wakimeza shuleni kwa ajili ya kichocho, wakipimwa urefu kwa mti ulioandikwa namba. Wengi wao bila kujua wanamaliza tegu wao siku hiyohiyo, kwa sababu dozi ya kichocho ni kubwa kuliko ya tegu. Mtoto wa Kayole hana mto wa kichocho nyuma ya nyumba. Hakuna anayemletea praziquantel darasani. Anapewa ile ya ladha ya matunda, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bahati ya kuwa karibu na bwawa la konokono wa kichocho, sikuwahi kufikiri ningeiita bahati.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, maumivu ya tumbo ya mtoto aliyaita chango, na dawa yake ilikuwa mbegu za papai zilizosagwa na uchungu wa mwarobaini. Siwacheki wazee. Kosa letu na lao ni moja: tunaita vitu vingi kwa jina moja kisha tunavipa dawa moja. Minyoo si mmoja. Kupima choo ni kazi ya dakika kumi kwenye hadubini, na zahanati nyingi za huku zinayo hadubini. Gharama yake ni ndogo kuliko kununua dawa isiyofaa mara tatu. Ila hakuna anayemwambia mama apime kwanza, na mimi niliyekuwa na hadubini yenyewe sikumwambia.

Tulimpeleka mtoto kwa daktari wa kweli na karatasi ya majibu mkononi. Alimpima uzito: kilo 18. Dozi ya tegu huyu ni miligramu 25 kwa kila kilo, na kidonge cha praziquantel kina miligramu 600 na mistari ya kukikata robo robo, kwa hiyo alipewa robo tatu, baada ya chakula, pale pale mbele ya daktari. Alikunja uso kwa uchungu na mama yake akampa kipande cha ndizi. Msikate vidonge hivi wenyewe nyumbani. Kuna watoto na wagonjwa ambao daktari lazima awaangalie kwanza, hasa mwenye historia ya kifafa au maumivu ya kichwa yasiyoeleweka, kwa sababu dawa hiyohiyo inaweza kuamsha tegu wa nguruwe aliyejificha kwenye ubongo.

Mwezi mmoja baadaye alileta kikopo cha pili. Nilizungusha slaidi yote mara mbili, nikakaa nayo zaidi ya nilivyozoea. Sikuona yai. Nilipomwambia, mama alisema, "Asante, daktari," kisha akasimama mlangoni bila kuondoka. Akatoa kikopo kingine mkobani. Ni cha dada yake mtoto, wa miaka minne, anayelala naye kitanda kimoja na kutumia kikombe kilekile.

Nilikiweka mezani. Kilikuwa na mayai, zile nyuzi nchani zikionekana vizuri. Katika ile ghorofa kuna milango mitano mingine na watoto, nikihesabu vizuri, kumi na mmoja. Maji yanafunguliwa Alhamisi. Nimemwomba kila mama alete kikopo siku hiyo, na kufikia sasa wanne wamekubali.